Kibali cha Kung'oa Magugu

Odeta Maige alitumwa na chuo chake kuchunguza jinsi watu wa ufukweni wanavyoishi na maji, na nani hasa anayeyatawala. Alifikia kwa mama Teodora, mjane wa maneno machache na makali, katika kijiji kimoja upande wa Kamanga, ng'ambo ya mji. Ilikuwa miaka ya tisini, viwanda vya sangara vikichipuka Mwanza na watumishi wa serikali wakipunguzwa kazini. Magugu maji yalikuwa yameziba ghuba nzima.

Kila alipouliza, "Haya maji ni ya nani?" watu walimshangaa. Teodora ndiye aliyechoka kwanza.

"Mwanangu, wewe umesoma. Tuambie wewe. Sisi tunataka kuchota tu."

Hatimaye akina mama walishika mapanga na reki, wakafyeka na kuvuta mpaka ikapatikana njia ya maji safi. Hata nyoka waliokuwa wakijificha pale wakahama. Hazikupita siku nyingi akaja Pius, bwana mazingira, akisukuma pikipiki iliyoishiwa petroli.

"Nani kawaruhusu kugusa ufukwe? Siku hizi kuna utaratibu. Leteni kibali."

Odeta akafuatana na Teodora kuvuka kwenda mjini kukitafuta. Ofisi ya maji ikasema magugu ni mimea, nendeni kilimo. Kilimo wakasema mimea ya ziwani ni kazi ya uvuvi. Uvuvi wakacheka: tangu lini magugu yakawa samaki? Mwisho wakafikishwa kwa bwana mmoja mwenye tai, akawaeleza kwa upole wa kuudhi kwamba kazi hiyo sasa imeachiwa sekta binafsi. Atapatikana mkandarasi.

"Lini?" Odeta akauliza.

"Zabuni ikitangazwa."

"Itatangazwa lini?"

"Utaratibu ukikamilika."

Teodora akasimama. "Baba, leo jioni mimi napikia nini?"

Yule bwana akavuta faili jingine.

Walipofika kijijini, upepo ulikuwa umesukuma magugu mapya, njia imefungwa kabisa. Muda wote huo Odeta alikuwa amekaa pembeni akisikiliza, maana mwalimu wake alimwonya asijiingize katika mambo ya watu. Akavua viatu, akajifunga kanga kiunoni, akaingia majini, akashika mizizi yenye utelezi na kuivuta. Akina mama wakamfuata.

Pius aliwakuta humo.

"Hata wewe, dada? Unajua nikisema ofisini utafiti wako umekwisha?"

"Sema! Na uwaambie huku watu wanachota tope!"

"Kwani unadhani naipenda kazi hii?" Pius naye akapaza sauti. "Wenzangu wote wamepunguzwa. Nimebaki peke yangu na ufukwe wote huu, pikipiki haina mafuta! Nisiposema mimi, atasema mwingine, halafu na mimi nirudi nyumbani nikawalishe nini watoto?"

Na kweli Pius akasema ofisini. Odeta aliitwa mjini, akaambiwa anachochea wananchi na utafiti wake usimame mara moja. Alijaribu kueleza habari ya akina mama na ndoo zao. Wakamwambia hilo si suala la ofisi ile. Akaondoka bila kuaga.

Asubuhi ya safari ya kurudi chuoni alikuta nyumba haina mtu. Alimkuta Teodora ufukweni, maji yamemfika mapajani, wenzake wakirundika magugu nchi kavu. Mbali kidogo Pius alikuwa anapita, uso ameuelekeza milimani, asiwaone.

"Shikamoo, mama. Nakwenda."

"Marahaba, mwanangu. Michembe ya viazi nimekufungia, ipo mlangoni. Nisamehe sikusindikizi, leo zamu yangu ya kung'oa." Akamtazama kidogo, macho yakalowa. Kisha akageuka na kumfokea mwenzake Paskazia: "Vuta kwako! Unanisukumia mimi hayo magugu yote?"

Odeta akapanda njia ya kivukoni, kanga yake begani, bado ina madoa ya magugu.