Namba ya Mansuetus

Mansuetus alikuja Mbinga mwaka 1983 kudaka. Chama cha ushirika kilimtoa kwao Lituhi, kando ya ziwa, kikamwandika karani wa ghala la kahawa, na kila mtu alijua mshahara ule ni wa mpira. Kwenye timu yetu alikuwa wa kwanza kulipwa ili acheze. Mikono iliyozoea kuvuta nyavu ziwani ilirusha mpira kutoka golini hadi nusu ya wapinzani, ukamkuta winga mguuni.

Kisha beki wetu wa kushoto akaingia seminari. Mansuetus akavua glavu, akaenda beki. Winga wetu Tadei alipovunjika mguu, akacheza winga. Kwenye mechi ya mjini Songea alianza golini, akamalizia mbele, na bao la ushindi akafunga yeye. Kabla ya kila mechi aliuliza swali moja tu: "Wapi pamepungua?" Kocha akimwonyesha, anakwenda. Tulimwita Kiraka, naye akacheka. Lakini kama kuna nafasi aliyozaliwa nayo, ni namba sita. Nilijua hilo kuliko yeyote, maana sita ilikuwa yangu, na mimi ndiye niliyekuwa kepteni.

Soko huria likaja. Makampuni yakanunua kahawa mlangoni kwa mkulima, ghala la chama likabaki na panya, timu ikafa. Kampuni moja ikatangaza kuunda timu yake, wachezaji kumi na wanne, na ajira juu. Mansuetus alikuwa na mke, watoto wawili shuleni, na kazi nyingine hakuwa nayo.

Tulipanga foleni mbele ya meneja, mgeni asiyewahi kutuona uwanjani. Alimuuliza kila mtu namba yake, akaandika. Nilisema sita, na kwamba nilikuwa kepteni. Mansuetus alipofika akauliza kwa upole, "Wapi pamepungua, mzee?"

Meneja akanigeukia. "Kepteni, huyu ni namba ngapi?"

Ningeweza kusema sita. Ningeweza kusema tushindanishwe, na angenishinda kabla ya mapumziko. Badala yake nikasema, "Huyu anacheza popote, mzee. Hajawahi kuwa na namba."

Nilisema kwa sauti ya kusifu, wenzangu wakaitikia kwa vichwa. Meneja akamwambia asubiri, akipungukiwa atamwita. Hakupungukiwa. Mwezi uliofuata Mansuetus alipakia familia na godoro kwenye lori la mahindi, akarudi ziwani.

Mimi nilicheza misimu miwili. Kampuni ikafunga, nikarudi kijijini kwetu Mbuji kuchimba ngoro, yale mashimo ya kulimia mahindi mlimani, na huko ndiko aibu iliponishika barabara. Mwaka 1999 nikashuka Lituhi. Nilimkuta mkewe, Herieth, akianika usipa, dagaa wa ziwani.

"Karibu, shemeji," akasema. "Mwenzio yuko ndani. Kifua kimemmaliza."

Mkono ule wa kurusha mpira ulikuwa umekonda. Niliushika nikashindwa kuuachia.

"Kaka, siku ile mbele ya meneja," nilianza.

"Ulinisemea vizuri sana," akanikatiza. "Wanangu nimewasimulia. Wanajua kepteni mwenyewe alisema baba yao anacheza popote."

Nilipaswa kumwambia. Nikasema, "Ndiyo, kaka," nikanywa chai ya mkewe.

Alifariki kabla ya Pasaka. Mpaka leo watoto wake wakiniona sokoni Mbinga huweka mizigo chini kwanza, ndipo waniamkie, kwa sababu mimi ndiye niliyemsifu baba yao.