Kutoka Msibani kwa Selmo

Jumapili hiyo waendesha baiskeli wa Pagsanjan, mji mdogo wa Ufilipino, hawakupanda mlima wa Cavinti kwa mazoezi. Walipanda kumwona Selmo, mwenzao ambaye moyo ulimsimama usingizini, na sasa alikuwa amelazwa sebuleni kwa dada yake ndani ya jeneza jeupe, kofia yake ya baiskeli ikiwa juu ya kioo cha kifuniko. Walisali, wakatafuna karanga na biskuti, wakanywa kahawa, wakawatazama wazee wakicheza karata uani. Walipoondoka hakuna aliyewasindikiza, kwa kuwa mfiwa akimfikisha mgeni mlangoni anaita msiba mwingine.

Wakaanza kuteremka, Dencio akiwa nyuma ya wote. Kwa miaka mingi hakuwahi kuwa wa mwisho. Si kwamba alikuwa na miguu yenye nguvu. Selmo, ambaye angeweza kuwaacha wote wakimeza vumbi, alikuwa ameamua tu kukaa nyuma yake. Lori likikaribia, alisema, "Lori." Dencio akiishiwa pumzi mlimani, alisema, "Nipo, songa." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, na yaliwatosha. Leo malori yalimpita Dencio bila kutangazwa.

Pura, kiongozi wa msafara, mwanamke wa miraba minne asiyependa kubishiwa, alinyoosha mkono. Wakasimama kwa Mama Belen, kwenye kona wanapokula kila wiki uji wa mchele wenye utumbo na tangawizi. Lakini leo haikuwa njaa. Mtu akitoka msibani haendi moja kwa moja nyumbani. Hupitia mahali kwanza, hata kama ni kunywa soda tu, ili marehemu apoteane naye hapo. Ukipita mahali, umemkung'uta. Usipopita, umemkaribisha kwako.

"Kaa, Kaka Dencio," Pura alisema. "Kula kidogo, tumwache hapa kwa amani."

"Tumwache hapa?"

"Ulitaka tumwache wapi? Huyu aliupenda uji huu kuliko alivyotupenda sisi."

Wenzao wakacheka huku wakikamulia ndimu kwenye mabakuli. Dencio hakushuka kwenye baiskeli. Alitazama benchi, mbwa aliyelala chini yake, na sufuria likitoa mvuke. Palikuwa mahali pazuri, ila hakuwa tayari kumwacha mtu hapo, akung'utwe kama makombo ya mkate.

"Mimi napitiliza," alisema.

"Unapitiliza kwenda wapi?"

"Nyumbani."

Vijiko vikatulia.

"Utaenda naye, mzee," Pura alisema, safari hii kwa sauti ya chini.

"Najua."

"Na Dada Saling? Umemuuliza?"

Hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Saling, mke wa Dencio, hakuwa mtu wa mchezo katika mambo haya. Mwaka jana alimzuia Dencio langoni akitoka kwenye msiba wa jirani, akamrudisha hadi kituo cha mafuta akanywe soda kwanza. Tena yeye na Selmo walikuwa na kesi isiyokwisha. Kila Jumapili Selmo alimalizia safari kwao, akiingia na vile viatu vyake vyenye vyuma chini, tak tak tak, juu ya sakafu nyekundu ambayo Saling huing'arisha kwa mikono yake.

"Atanisema," Dencio alikubali.

"Akuseme? Atawafukuza. Wote wawili."

Dencio akakanyaga pedali.

Akapita wauza pai za dafu. Akapita mama wa wali wa kunata uliofungwa majanini, ambaye alimpungia mkono akidhani atasimama kama kawaida. Kila kibanda kilikuwa nafasi ya kubadili mawazo, na kwenye kimoja vidole vyake viligusa breki. Hakusimama. Alikuwa amemkumbuka rafiki yake, basi. Kwenye kona kali alipunguza mwendo kuliko ilivyohitajika, na nyuma yake hakusikia chochote isipokuwa mnyororo wake mwenyewe.

Saling alikuwa barazani akiisugua sakafu, mguu mmoja juu ya kipande cha kumbi la nazi, ukienda mbele na kurudi. Dencio alisukuma baiskeli ndani, akaliacha lango wazi.

"Mmepitia wapi?" Saling aliuliza bila kusimama.

"Wenzangu wamepitia kwa Mama Belen."

"Nimekuuliza wewe."

"Sijapita popote."

Mguu ukatulia. Saling alimtazama mumewe. Kisha akatazama lango lililokuwa wazi, na barabara tupu nyuma yake, na mwisho sakafu aliyoihangaikia tangu asubuhi.

"Mwambie avue viatu," alisema, akaingia ndani kubandika kahawa.