Filimbi Niliyosema Nimeisahau

Asubuhi ile nilipomwona Miodrag anapanga burek, zile andazi za kukunja zenye jibini au nyama, mezani nilifurahi, mjinga mimi. Hapa Niš, Serbia, mwenye habari njema ndiye anayelisha ofisi nzima. Nikadhani ni ubatizo wa mwanawe Jumapili, ambao mimi ndiye mama wa ubatizo, wa kumshika mtoto na kumkana shetani kwa niaba yake kwa kumtemea mate.

"Mama Lenka, chukua ya jibini kabla hawajaimaliza," akasema, macho kwenye sahani.

"Tunasherehekea nini?"

Bosi wetu, Slavica, ndiye aliyejibu. Miodrag ni mkuu mpya wa kundi la redio. Nafasi hiyo ilikuwa yangu. Mimi kuanzia Jumatatu nahamia kuandika vitabu vya maelekezo.

Hebu niwaeleze. Programu yetu inawasaidia waokoaji wa mlimani kusikilizana. Ina vipande vipande, na kila kipande kina uzi wake wa kazi unaokwenda kwa mwendo wake. Kipande changu kinasafisha sauti, kinaiweka kwenye trei, kisha kinapiga filimbi, yaani ishara kwamba trei imejaa. Cha Miodrag kingoje filimbi ndipo kichukue. Basi! Lakini bwana yule hakuandika kungoja. Uzi wake ukawa unapora trei hata ikiwa nusu tupu, na siku ya majaribio, mtoto wake bado hajazaliwa, waokoaji wakasikia "mguu", kisha "shimo", katikati kimya.

Kosa nililigundua mimi. Akanifuata jikoni, machozi yanamlengalenga.

"Dada, Slavica anatafuta mtu wa kumfukuza kazi. Mke wangu ana mimba ya miezi minane. Nisitiri."

Nikamsitiri. Niliandika kule kungoja ndani ya kipande chake, na kwenye daftari la mabadiliko, ambako kila rekebisho lina sababu na jina, nikaweka jina langu: "Nilisahau kupiga filimbi. Kosa ni langu. Dobrila."

Sasa Slavica, ambaye hajaandika programu miaka kumi, alinifungulia daftari lile lile.

"Haya si maneno yako?"

"Filimbi yangu ilikuwepo tangu mwanzo! Miodrag, si umwambie!"

Ofisi nzima ikaacha kutafuna. Miodrag akafuta mafuta vidoleni, kidole kimoja kimoja.

"Mimi nilikuwa nangoja," akasema. "Filimbi haikuja."

Loo! Huko kungoja si nilimwandikia mimi, kwa mikono yangu hii! Sitawaficha, nilitamani kumvurumishia sahani nzima. Nilimwamini kama ndugu wa tumbo moja.

Nikakusanya vitu vyangu. Alinifuata hadi kwenye ngazi, anaongea chini chini.

"Usinikasirikie, dada. Ningefanyaje? Jumapili utakuja, sivyo? Mtoto hana mwingine wa kumshika."

"Nitakuja. Mtoto hajamkosea mtu." Nikafunga vifungo vya koti. "Lakini padri akiniambia nimtemee shetani mate, Miodrag, wewe usisimame mbele yangu."