Rubani Apima Bahari kwa Rula

Aliingia ofisini rula ikichomoza mfukoni mwa shati, na mkata tiketi akajua siku yake imeshaharibika. Mtu mwenyewe ukoo wake ulimbandika jina la Rubani, kwa kuwa miaka ishirini iliyopita alipanda ndege mara moja, akalala tangu inapaa mpaka inatua. Nyuma yake alikuja binti wa marehemu kaka yake, amekumbatia barua ya chuo cha ukunga kilichoko ng'ambo ya bahari: usaili Jumatatu, saa tatu asubuhi. Atakayechelewa, nafasi yake atapewa mwingine.

"Jumapili, saa mbili usiku," Rubani aliagiza, kama anayeagiza chai. "Nimepima kwenye atlasi. Kilomita elfu nane na ushei. Ndege inakwenda mia tisa kwa saa, basi ni mwendo wa saa tisa tu. Kumi na moja alfajiri mtoto ameshatua, anaoga, anakwenda zake."

"Mwendo umeupatia, mzee. Ila wenzetu kule wako mbele yetu kwa saa saba. Akitua, kwao ni saa sita mchana."

"Saa saba! Ndege inasimama njiani kununua vocha?"

"Jua linawaamkia wao kwanza, mzee."

"Jua ni moja!" Rula ililia mezani. "Mimi nimepanda ndege, binti. Wewe unauza karatasi."

Debe tupu, mkata tiketi alijisemea, na hili limepata na rula. Lakini alikuwa na kanuni asiyoivunja hata mbele ya bosi wake: hakati tiketi mpaka msafiri asome kwa kinywa chake saa ya kuondoka na ya kufika. Akageuza kioo cha kompyuta kuelekea kwa msichana.

Rubani alichomeka kichwa katikati. "Nitasoma mimi."

"Kwani unasafiri wewe, mzee?"

Msichana alisoma polepole. "Kuondoka Jumapili, saa mbili usiku. Kufika Jumatatu, saa sita mchana. Usaili utakuwa umekwisha."

"Wamekosea kuandika hao!"

"Dada, ya Jumamosi je?"

"Utafika Jumapili mchana. Utalala, utaamka, utakwenda."

"Jumamosi haiwezekani!" Rubani alifoka. "Jumapili nimealika watu waje kukuaga. Hotuba nimeshaiandika, kurasa nne!"

Kumbe ndivyo. Bahari nzima ile, pamoja na jua lake, ilitakiwa ingoje kurasa nne za Rubani. Mkata tiketi aliuma mdomo asicheke.

"Baba mdogo," msichana aliuliza, "hao wasaili wanavaa saa yako ya mkononi?"

"Mkaidi wee! Marehemu angekusikia?"

"Angeniuliza nafika lini."

"Basi usinitafute kukupeleka uwanjani."

"Njia naijua. Hao watu wako wasomee tu hotuba yako Jumapili, mimi nitakuwa nimeshafika. Dada, kata ya Jumamosi."

Mashine ilianza kuguruma. Rubani alibaki wima, anahesabu kwa vidole, kurudi nyuma: Jumapili, Jumamosi, Ijumaa.

"Tukikuaga Ijumaa," alisema kwa sauti ndogo, "watu si watakuwa kazini?"

Msichana alikuwa anaandika namba ya pasi yake.