Jiwe Lililoona Haya Maabarani

Kila asubuhi, kabla ya kupima kitu kingine, fundi wa mashine alianza na jiwe la rejea. Ni kipande cha fuwele ya chokaa, kidogo kama ukucha, ambacho umri wake unajulikana. Leza hulitoboa, mashine husoma urani iliyobaki na madini ya risasi yaliyozaliwa humo, kisha umri wa mawe mengine yote husahihishwa kwa hilo. Jumatatu hiyo alilikuta limelala kifudifudi. Akaligeuza. Alipowasha leza, likajigeuza tena, likawa jekundu mpaka kwenye kingo.

"Bosi, jiwe linaona haya," alisema mlangoni.

Bosi aliendelea kukoroga chai. Sababu aliijua. Jiwe halisi lilitobolewa mwaka jana mpaka likaisha. Kuagiza jingine kungechukua miezi, na wateja walikuwa wamemkalia kooni. Basi akakata kipande pembeni mwa mwamba uleule, akakipa umri wa mwenzake bila kukipima. Mwamba mmoja, alijiambia, tumbo moja. Mtu mzima na akili zake! Kumbe pembeni pale fuwele ziliota baadaye sana. Ikawa kama duka lenye jiwe la kilo lililokwanguliwa: kila kinachowekwa kwenye mizani kinatoka kizito kuliko kilivyo. Hapa kila jiwe lilitoka zee kuliko lilivyo.

Yakapimwa hivyo hata mawe ya ufa wa mlimani. Maabara ikaandika kwamba ufa umetulia tangu zama za kale, hautaleta tetemeko tena. Viwanja vikagawiwa hapo. Dada mkubwa wa bosi akawa wa kwanza kujenga.

"Tuwaambie tumekosea?" fundi aliuliza alipoelezwa hayo.

"Tukisema, maabara inafungwa. Wewe na wanao mtakula wapi?"

Bosi alisikia aibu kwa kumtajia watoto, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Fundi naye alijionea aibu, akaenda kuchukua gundi. Wakalibandika jiwe uso juu. Leza ikatoboa, mashine ikasoma. Kufika Ijumaa mawe yote ya kabatini yalikuwa mekundu, na msafishaji akalalamika tu kwamba yanamharibia vitambaa.

Jumapili dada aliita watu waione nyumba. Akamkalisha mdogo wake kwenye kiti kizuri, akawaambia majirani, "Huyu ndiye aliyetuhakikishia."

Kisha akamwinamia. "Watoto nimewaweka chumba cha upande wa juu, pale kwenye mwamba. Ni sawa, eti?"

Uso ulimwaka. Shingo ikazunguka yenyewe, taratibu, mpaka kisogo kikawa mbele. Dada akamhamishia sahani nyuma ya kiti ili aweze kula vizuri.

"Ni sawa, dada," aliuambia ukuta.

Dada akamwita kitinda mimba wake. Mtoto akazunguka nyuma ya kiti, akapenya kati ya ukuta na mgongo wake, akasema, "Asante, mjomba."