Shemeji Hajala

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Paka yule aliitwa Shemeji, na aliyempa jina hilo ni fundi makochi mwenyewe, mwaka ule mkewe aliporudi kutoka kwao kusalimia akiwa na kipaka cha kijivu ndani ya mkoba. "Huyu ni mdogo wangu," mke alisema kwa uso mkavu, "umheshimu." Fundi akakishika kipaka mguu wa mbele, akakipa salamu. "Karibu, shemeji. Hapa ni kwako." Ikawa ndiyo hivyo tena. Wateja waliomsikia fundi akigomba, "Shemeji, shuka kwenye kochi la watu," waligeuka huku na huku wakitafuta mtu.

Mzaha ulikuwa wa jina tu. Fundi na mkewe hawakujaliwa mtoto, na walishaacha kulizungumzia jambo hilo. Paka alilala miguuni mwa mke, alikula mkononi mwa mke, na mke akichelewa kurudi sokoni alikaa kizingitini, asiingie wala asitoke. Kwa hiyo siku mke alipopelekwa hospitali kutolewa uvimbe tumboni, neno lake la mwisho kabla hajasukumwa kwenye chumba cha upasuaji halikuwa la mapenzi wala la wosia. Alisema, "Fundi, usimsahau Shemeji." Alimwita Fundi kama wateja walivyomwita, ila yeye alilitamka taratibu zaidi.

Asahau vipi? Mtu ameambiwa neno hilo na mkewe aliyelala chali akisubiri kisu, halafu asahau?

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kilichokwenda vibaya ni kula. Mke alirudi wodini hana hamu na kitu chochote. Uji aliopelekewa na fundi aliugusa kwa ncha ya kijiko, akakirudisha kijiko. Supu akasema ataionja baadaye, na hiyo baadaye haikufika. Muuguzi alimvuta fundi pembeni, akamweleza bila kuzunguka: kidonda cha mtu asiyekula hakifungi, na homa ikimkuta hana nguvu, huenda asitoke humo kwa miguu yake. "Mbembeleze, baba," akasema. "Wewe ndiye mumewe, wewe ndiye atakayemsikiliza."

Fundi alirudi nyumbani na maneno hayo yakimlia masikioni, akamkuta Shemeji amejikunja nyuma ya ndoo, macho yanatoa tongotongo, pua imeziba, anapumua kwa mdomo. Chakula cha asubuhi kilikuwa palepale kwenye sahani, kimeshaanza kukauka pembeni.

Mtu mwingine angesema huyu ni paka, atajijua. Fundi hakuweza. Kichwani mwake mambo hayo mawili yalishafungana, na hakuna ambaye angeyafungua: paka akifa, mke atauliza, na mke akisikia paka amekufa, hicho kijiko hatakigusa tena. Alijiambia hivyo mara nyingi hata akaamini kama vile ameambiwa na daktari.

Akafanya alichoona ni cha busara. Nyumba ilikuwa inabaki tupu mchana kutwa, na mgonjwa haachwi peke yake. Akamchukua Shemeji mpaka kwenye karakana yake, nyumba ya tatu kutoka kwake, akamtengenezea kitanda cha vipande vya sponji karibu kabisa na meza ya kazi, ili akiinua macho amwone. Na kwa kuwa mgonjwa ana mafua, na baridi na mafua havipatani, alifunga madirisha yote mawili, akaziba na upenyo wa chini ya mlango kwa gunia. Kisha akaendelea na kazi, maana alikuwa na seti ya makochi ya ofisi iliyokuwa ikisubiriwa na wenyewe. Alikata sponji, akapaka gundi, akabandika, akavuta kitambaa, akapigilia. Kila alipomaliza kiti alipiga magoti kando ya kile kitanda.

"Kula kidogo, Shemeji. Usiniaibishe."

Alimpa maziwa. Alimpa samaki aliyechambuliwa miiba mpaka asibaki hata mmoja. Alimpa maini yaliyosagwa. Shemeji alisogezewa, akageuza kichwa. Akasogezewa upande wa pili, akageuza tena, pole pole, kama mtu anayekataa kwa adabu.

Jioni, saa ya kuona wagonjwa, fundi alinawa mikono, akabeba chombo cha chakula, akaenda.

"Shemeji anakula?" mkewe aliuliza kabla ya salamu.

"Anakula mpaka ananitisha," fundi akasema. "Akitoka kwenye samaki anatafuta ndugu zake samaki."

Mke alitabasamu. Fundi akaona hapo ndipo pa kupenyeza kijiko. Akainama amwekee mto vizuri, akafunua chombo, akachota uji. Mke akageuzia uso ukutani. Macho aliyafumba, midomo akaikaza, na jasho dogo likamtoka juu ya mdomo. "Weka hapo," alisema. "Nitakula ukishaondoka."

Fundi akaweka. Akajua, au alidhani amejua: mke amegundua uongo. Wameishi pamoja miaka mingi, hakuna siku aliyomdanganya ikapita. Alitoka wodini akitembea kama mtu aliyekanyaga kitu na hataki kutazama ni nini. Kesho yake ilikuwa vilevile, na kesho kutwa. Mke aliuliza, akadanganywa, akageukia ukuta.

Fundi akampeleka Shemeji kwa daktari wa mifugo. Daktari huyo alizoea ng'ombe, lakini hakumcheka. Alimweka Shemeji mezani kwake, akamfungua kinywa, akamsikiliza kifua, akamchoma sindano. "Mafua tu," akasema, "ila paka hali kwa macho, baba, anakula kwa pua. Asichokinusa kwake si chakula. Mkande pua kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka ifunguke. Chakula kipashe kidogo kitoe harufu. Ukimfungua pua, utakuwa umemfungua mdomo. Lakini usichelewe. Paka akikaa na njaa sana, ini lake linaharibika, na hapo hata mimi sitakuwa na la kukusaidia."

Fundi akayashika maneno hayo yote, hakuacha hata moja. Alikanda pua asubuhi, akakanda mchana. Na kweli, pua ikafunguka. Shemeji akafumba mdomo, akapumua vizuri. Fundi akapasha samaki, akaja naye mbio kwa furaha.

Shemeji aliinua kichwa. Alivuta pumzi mara moja. Akajirudisha nyuma mpaka mgongo ukagusa mguu wa meza, akafunua mdomo akatapika povu.

Hapo ndipo fundi alipokosea, na niseme ukweli, alikosea kwa sababu hofu ilimzidi. Alimbana Shemeji kwapani, akamfungua taya kwa vidole viwili, akamminyia mchuzi wa samaki kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Shemeji alipaliwa. Akapiga mateke bila nguvu, akakohoa, mchuzi ukamtoka puani. Alipoachiliwa alijikokota hadi chini ya fremu ya kochi lisilovikwa kitu, akalala humo akimtazama fundi kwa mbali. Fundi alikaa kitako sakafuni katikati ya vipande vya sponji, akalia. Alilia kwa sauti, kwa sababu madirisha yalikuwa yamefungwa na alijua hakuna anayesikia.

Mdogo wa mkewe ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa mpishi wa shule, mwanamke mnene wa mwili na wa maneno, na alikuja kuchukua vyombo vya hospitali. Yeye alimwita fundi shemeji, kama ilivyostahili, na paka alimwita paka. Alisukuma mlango, gunia likakwama, akausukuma kwa bega, akaingia hatua moja. Akatoka tena. Akasimama nje akikohoa, machozi yanamtiririka.

"Shemeji, unataka kufa humo?"

"Kuna nini?" fundi akauliza, akijifuta uso haraka.

"Gundi! Huisikii?"

Fundi alivuta pumzi. Alivuta nyingine, ndefu. Hakusikia kitu. Alisikia hewa tu, hewa ya karakana yake, ile ile ya kila siku. Akatazama kopo la gundi lililo wazi mezani, na chini yake, karibu kabisa, kitanda alichokitandika mwenyewe kwa mikono yake. Sponji zile zilikuwa mabaki, na nusu yake zilikuwa na gundi ya jana. Akatazama madirisha.

Miaka aliyofanya kazi hiyo ilishamla pua bila yeye kujua. Kwa Shemeji kila samaki aliyeletewa alikuwa gundi, na maziwa gundi, na mkono uliombembeleza ulikuwa gundi kuliko vyote. Na pua ilipofunguka ndipo mambo yalipozidi.

"Mimi ndiye ninayemuua," fundi akasema.

"Acha kwanza kuhesabu dhambi," Mpishi alimkata. "Mtoe huyo nje."

Fundi akaanza kuinama, akasita. "Mtoe wewe," akasema. "Mimi nisimguse."

Wakampeleka nyumbani, Mpishi mbele amembeba kwa upande wa kitenge chake, fundi nyuma hatua kadhaa kama mtu asiyehusika. Mpishi alimlaza kwenye kitanda cha dada yake, juu ya shuka ambazo mke alizilalia kabla hajaenda hospitali na ambazo fundi hakuwa na moyo wa kuzifua. Akafungua madirisha. Akachambua samaki, akampasha, akachota kidogo kwa ncha ya kidole. Fundi alibaki mlangoni. Alitamani aingie, na hakuingia.

Shemeji alinusa shuka kwa muda mrefu. Alikinusa kidole. Kisha ulimi ukatoka, mdogo, mkavu, ukalamba mara moja. Ukalamba tena.

"Haya, bwana mkubwa," Mpishi akamwambia. "Kumbe mdomo unao."

Shemeji alikula kiasi cha kijiko kimoja tu, akalala. Si kingi. Daktari wa mifugo alipopita baadaye alisema bado hajui, ini linaweza kuwa limeshaguswa, tusubiri. Lakini alikuwa amekula, na fundi aliona kwa macho yake. Alifurahi, jamani, asiseme mtu hakufurahi. Ila furaha yenyewe ilikuwa na mwiba: aliyemlisha hakuwa yeye.

Siku hiyo hakufungua karakana tena. Alioga, akasugua mikono kwa sabuni, akasugua kwa mchanga, akasugua kwa limau mpaka vidole vikawa vyekundu. Akavaa shati lililokaa kabatini siku nyingi. Kisha akampa Mpishi mikono ainuse.

Mpishi alinusa, akaiachia mikono taratibu.

"Bado?"

"Imo kwenye ngozi, shemeji."

Walikwenda hospitali pamoja, chombo cha chakula akikibeba Mpishi. Mke alikuwa amepungua tangu jana. Mifupa ya mabega ilisimama chini ya gauni. Aliuliza swali lake lilelile, kwa sauti ambayo ingebidi fundi ainame kuisikia, lakini safari hii hakuinama.

"Shemeji anakula?"

Fundi alisimama miguuni mwa kitanda. "Hajala tangu ulipolala hapa," akasema. "Nilikudanganya kila siku. Nilimpeleka karakana nimtunze, kumbe namnyima hewa. Gundi, mke wangu. Alikuwa hawezi kula kwa sababu yangu. Leo amekula kidogo kwa mkono wa mdogo wako. Kwa wangu alikataa."

Alisubiri agombezwe. Mke hakugomba. Alimtazama usoni, kisha akamtazama mikono, vile vidole vyekundu vilivyosuguliwa, na macho yake yakajaa.

"Fundi," akasema. "Na mimi."

Kwanza fundi hakuelewa. Kisha akaukumbuka ukuta, na midomo iliyokazwa, na lile jasho.

"Tangu wanipasue," mke akasema, akipumzika kila baada ya maneno machache, "ukiinama tu, tumbo lote linapanda kooni. Uji, mto, kila ulichokishika. Zamani hiyo harufu sikuwa naisikia kabisa. Nilidhani itapita."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Unatoka kazini umechoka, unakuja kunilisha. Nikwambie nini? Kwamba unanuka?"

Mpishi alishika mfuniko wa chombo kama mtu aliyesahau kazi yake. Fundi alitaka kumshika mkewe mguu juu ya blanketi, mkono ukatoka, akaurudisha mwenyewe. Jambo gumu kuliko yote aliyowahi kuyafanya kwa ajili ya mwanamke huyo lilikuwa hilo, kugeuka na kuondoka kando yake wakati anamhitaji. Aligeuka. Alitoka nje ya wodi, akauacha mlango wazi, akakaa kwenye benchi la korido, mbali kidogo, mahali ambapo upepo ulitoka dirishani ukaelekea upande mwingine.

Ndani alisikia chombo kikifunguliwa. Alisikia Mpishi akibembeleza kwa sauti ya chini ambayo hakujua kama anayo.

"Fundi," sauti ya mkewe ikaita. "Uko hapo?"

"Nipo."

"Usiende mbali."

"Siendi," akasema.

Alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili, na akaendelea kuikalia hadi alipomsikia mkewe akimeza, na Mpishi akisema, "Kijiko kingine."