Tumbo la Ubao

Ubao ulitua mezani ukayumba. Kijana aliyeupokea aliinama, akaona mwanga ukipenya chini yake: ncha nene, tumbo la katikati jembamba.

"Shemeji, hii mbao au nyoka?" akautupa kwenye rundo la kuni, ambalo sasa lilikuwa kubwa kuliko rundo la mbao.

Mwanamke aliyeshika usukani wa mashine ya kupasua mbao hakucheka. Mwezi uliopita mumewe ndiye aliyesimama hapo kwenye usukani. Msumeno ulikatika, kipande cha chuma kikaruka, kikamtoa jicho. Mume akabaki kitandani. Kazi akairithi mkewe, aliyekuwa msaidizi wake tangu waoane. Tangu hapo alisukuma kila gogo polepole, kama anayemwogesha kitoto kichanga, macho yakiwa kwa kijana huyo, mdogo wa mumewe, aliyepokea mbao upande wa pili, mbele kabisa ya msumeno.

Asubuhi hiyo tajiri alikuwa amefika. "Gogo zima, nusu yake kuni? Mbao zikitoka hivi tena leo, nafunga kiwanda, kila mtu ashike njia yake."

Mzee wa Tupa, mnoaji wa misumeno, alichota unga wa mbao akaupuliza. Ulikuwa laini kama poda.

"Binti yangu, meno ni makali, ila ukisukuma polepole huyapi cha kutafuna. Yanalamba tu. Chuma kinapata moto, kinalegea, kinapotea njia. Na kilicholegea ndicho kinachokatika."

Mwanamke alimtazama kijana upande wa pili. Kumbe kwa kumhurumia shemeji yake, alikuwa akimsogezea kifo.

Walifunga msumeno mwingine, gogo likapandishwa. Mwanamke akashika usukani.

"Shemeji, sogea kando kidogo."

"Nikisogea nani ataupokea ubao? Wewe leta. Nina mchumba mimi, siwezi kufa kabla ya harusi."

Mwanamke alisukuma gogo, safari hii kwa kasi. Msumeno ulinguruma, sauti ikapanda, ikapanda, ikafanana na ile ya siku msumeno ulipokatika. Mkono ulitaka kurudi nyuma. Akaukandamiza kwa mkono wa pili. Unga ukaanza kuruka chengachenga. Ubao ukapita mzima.

Mzee wa Tupa aliupima: ncha, tumbo, ncha. Unene ulikuwa mmoja. Aliubeba mwenyewe hadi kwenye rundo la mbao.

"Leta mwingine!" kijana akaita.

Upande wa pili mikono miwili ilikuwa imeinuliwa, ikisubiri. Mwanamke aliitazama kitambo, kidole kwa kidole. Kisha akasukuma, kwa kasi ile ile.